Amelazwa kwa Korona au Amelazwa Akiwa na Korona? Kisa cha Omicron Jijini Tshwane

Tarehe 2 Desemba 2021, wodi za korona za kundi la hospitali za Tshwane, jiji ambalo ndani yake imo Pretoria, zilikuwa na wagonjwa 42. Kati yao, 29 walikuwa wakivuta hewa ileile tunayovuta sote, bila mrija puani wala barakoa ya oksijeni usoni. Waliobaki 13 walikuwa kwenye oksijeni, lakini wanne miongoni mwao waliihitaji kwa sababu ya maradhi mengine yasiyohusiana na korona. Daktari Fareed Abdullah wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, aliyeandika taarifa ya siku hiyo na kuitoa tarehe 4 Desemba, alieleza kuwa jambo hilo halikuwahi kuonekana katika mawimbi matatu yaliyotangulia. Zamani wodi ya korona ilitambulika kwa mvumo usiokatika wa mashine za oksijeni ya kasi na kwa kengele za mashine za kupumulia. Mgonjwa asiye kwenye oksijeni alikuwa wa kuhesabika, na kwa kawaida alikuwa ameshapata nafuu.

Taarifa hiyo ilikuwa na tarakimu nyingine iliyovuma kuliko zote. Kwa wagonjwa 166 waliolazwa kati ya tarehe 14 na 29 Novemba, wastani wa siku za kukaa hospitalini ulikuwa 2.8, ilhali katika miezi 18 ya nyuma wastani ulikuwa siku 8.5. Haikupita wiki kabla ya sehemu kubwa ya dunia kufikia uamuzi kwamba kirusi kipya, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekipa jina la Omicron tarehe 26 Novemba, ni kirusi kipole. Huku kwetu uamuzi huo ulifika ukiwa umefupishwa zaidi: korona sasa ni mafua tu.

Naiamini taarifa ya Tshwane, na nitaitetea. Ninachotaka kukichambua ni namna ilivyosomwa. Siku 2.8 hazikuwa kipimo cha kirusi. Zilikuwa kipimo cha kirusi hicho kilipokutana na watu wa mkoa wa Gauteng, uliko mji wa Tshwane, mwishoni mwa mwaka 2021, tena kwa namna hospitali za huko zilivyokuwa zikiwahesabu wagonjwa wake. Vitu hivyo vitatu viliingia katika tarakimu moja, na aliyeipokea tarakimu hiyo mbali na Pretoria alidhani amepokea kimoja.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo rahisi kupuuzwa. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Kuna mtu amelazwa kwa korona, yaani korona ndiyo iliyomfikisha kitandani. Kuna mwingine amelazwa akiwa na korona: amevunjika mguu, au amekuja kujifungua, au sukari imempanda, na kwa kuwa kila anayelazwa hupimwa, kipimo chake kikatoka na virusi. Kwenye jedwali la hospitali wote wawili ni mgonjwa mmoja mmoja wa korona. Wakati maambukizi mtaani ni machache, kundi la pili ni dogo na haliharibu hesabu. Wakati kirusi kinaenea kama moto wa nyikani, kama kilivyofanya Gauteng katika wiki za mwisho za Novemba, kundi la pili hukua hadi kulizidi la kwanza. Abdullah na wenzake walipowachunguza mmoja mmoja wagonjwa 98 waliokuwa wodini katikati ya Desemba, waliona kuwa 62, yaani asilimia 63, virusi vyao vilikuwa vimegunduliwa tu walipokuja kutibiwa jambo lingine.

Ukimchanganya aliyevunjika mguu na anayehangaika kupumua, wastani wa siku za kulazwa lazima ushuke, na idadi ya wanaohitaji oksijeni lazima ionekane ndogo, hata kama kirusi hakijabadilika kwa lolote. Hili halikuwa kosa la madaktari wa Pretoria. Wao ndio waliolisema, tena katika taarifa ya kwanza kabisa. Lililotokea ni kwamba sentensi hiyo haikusafiri pamoja na tarakimu.

Umri nao ulikuwa na mchango wake. Katika uchambuzi kamili uliofuata, uliolinganisha wagonjwa 466 wa wimbi la nne na wagonjwa 3,976 wa mawimbi ya nyuma katika hospitali hizohizo, wastani wa umri ulikuwa miaka 39 badala ya karibu miaka 50. Vifo vilikuwa asilimia 4.5 ya waliolazwa, kutoka asilimia 21.3, na waliopelekwa chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa asilimia 1, kutoka asilimia 4.3. Wimbi la korona huanza na vijana, kwa sababu wao ndio wanaotoka, wanaosongamana na kukutana. Wazee huambukizwa baadaye, na kifo, kikija, hufuata wiki mbili au tatu nyuma ya maambukizi. Anayepiga picha mapema hupiga picha ya vijana. Hata hivyo, kushuka kutoka asilimia 21 hadi asilimia 4.5 ni kushuka kukubwa mno kuelezwa kwa umri peke yake, na hospitali binafsi za mtandao wa Netcare, zilizoangalia wagonjwa wa hospitali zake 49, ziliona sura hiyohiyo: waliohitaji oksijeni walikuwa asilimia 17.6, wakati katika wimbi la tatu, la aina ya kirusi iitwayo Delta, walikuwa asilimia 74.

Kwa hiyo kitu fulani kilikuwa kimebadilika kweli. Swali ni kipi: kirusi, au watu?

Ili kulijibu ni lazima kukumbuka Gauteng ilipitia nini kabla ya Novemba hiyo. Afrika Kusini ilikuwa imepigwa mara tatu. Wimbi la kwanza, katikati ya mwaka 2020, lilikuwa la virusi vya awali. La pili lilikuwa la Beta, aina iliyotangazwa tarehe 18 Desemba 2020 baada ya kuonekana Eastern Cape, na waliolazwa katika wimbi hilo walikuwa na hatari ya kufa hospitalini kubwa kwa takribani asilimia 30 kuliko wale wa wimbi la kwanza, ingawa sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na hospitali kuzidiwa. La tatu lilikuwa la Delta, lililofika kileleni Gauteng katikati ya mwaka 2021, na huko Uingereza Delta ilionekana kuwalaza watu hospitalini mara mbili hivi zaidi ya Alpha iliyoitangulia. Beta, Alpha na Delta zote zilikuwa zimekwenda upande mmoja, wa ukali. Dhana kwamba kirusi kadiri kinavyoishi na binadamu ndivyo kinavyozidi kuwa kipole haikuwa na ushahidi wowote kufikia hapo. Kirusi hakina haja ya kumhurumia mtu kinayemwambukiza, mradi kimeshahamia kwa mwingine kabla mgonjwa hajafika kitandani, na korona huhama mapema, mara nyingi mgonjwa angali akienda kazini kwake.

Mawimbi hayo matatu yaliua watu wengi kuliko idadi rasmi. Hadi mwisho wa wimbi la Omicron vifo vilivyothibitishwa Afrika Kusini vilikuwa chini kidogo ya 100,000, lakini hesabu ya vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida, inayofuatiliwa kila wiki na Baraza la Utafiti wa Tiba, ilikuwa ikikaribia 300,000. Pengo hilo linasema mambo mawili. La kwanza ni msiba. La pili linahusu kisa chetu moja kwa moja: ikiwa vifo visivyohesabiwa vilikuwa vingi kiasi hicho, maambukizi yasiyohesabiwa yalikuwa mengi zaidi mara nyingi.

Timu ya Profesa Shabir Madhi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand ilikuwa ikilipima jambo hilo wakati Omicron inaingia. Kati ya tarehe 22 Oktoba na 9 Desemba 2021 ilichukua damu za watu 7,010 mkoani Gauteng na kutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kukitambua na kukizuia kirusi. Walizikuta kwa asilimia 73.1 ya watu. Waliokuwa wamepata chanjo ni asilimia 18.8 tu ya waliopimwa, na hata miongoni mwa wasiochanjwa asilimia 68.4 walikuwa na kingamwili, yaani walikuwa wamekwisha kuugua, wengine bila kujua. Kwa wenye zaidi ya miaka 50, umri ambao korona huua, kiwango kilikuwa karibu asilimia 80.

Hao ndio watu ambao Omicron iliwakuta. Kinga waliyokuwa nayo haikuzuia kuambukizwa tena, kwa sababu Omicron ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye miiba yake, ile protini ya juu ya kirusi inayokishikisha kwenye seli, na kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya Beta au Delta zilikuwa hazikitambui vizuri kirusi hicho. Lakini kinga ina safu ya pili. Seli T, ambazo kazi yake ni kuziua seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa, hukitambua kirusi kwa vipande vingi vilivyotawanyika, na vingi kati ya vipande hivyo havikuwa vimebadilika. Ndiyo maana mtu aliweza kuambukizwa mara ya pili au ya tatu, akakohoa siku nne, akarudi kazini. Safu ya kwanza ilivukwa na ya pili ikashika. Ukimtazama mtu huyo kwa nje utasema kirusi ni kipole.

Watafiti wa Western Cape, mkoa wenye kumbukumbu nzuri za wagonjwa zilizounganishwa kwa namba moja ya utambulisho, walijaribu kutenganisha vitu hivi viwili. Walilinganisha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa wimbi la Omicron na zaidi ya 11,000 wa mawimbi ya nyuma, wakizingatia umri, magonjwa sugu, chanjo na maambukizi ya awali yaliyothibitishwa. Walihitimisha kuwa sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na kinga ya watu, na kwamba upole wa kirusi chenyewe ulieleza upungufu wa takribani asilimia 25 tu wa hatari ya kuugua sana au kufa, ikilinganishwa na Delta. Hata hiyo asilimia 25 naiona kuwa ni ya juu. Hesabu yao iliweza kuzingatia tu maambukizi ya awali yaliyoandikwa, na tumeona kuwa mengi hayakuandikwa. Mgonjwa aliyeugua mwaka 2020 bila kupimwa aliingia kwenye jedwali kama mtu asiye na kinga, na nafuu yake ikahesabiwa kuwa ni sifa ya Omicron.

Haya hayamaanishi kuwa kirusi kilikuwa kilekile. Tarehe 15 Desemba 2021 maabara ya Michael Chan katika Chuo Kikuu cha Hong Kong ilitangaza matokeo ya kukiotesha kirusi katika vipande vya tishu za binadamu. Ndani ya saa 24 Omicron ilikuwa imezaliana katika njia kuu za hewa mara 70 zaidi ya Delta, lakini ndani ya tishu za mapafu yenyewe ilizaliana mara zaidi ya kumi chini ya kirusi cha awali. Maabara ya Ravindra Gupta kule Cambridge ilionyesha sababu mojawapo: Delta ilikuwa ikiingia kwenye seli kwa kusaidiwa na kimeng'enya kiitwacho TMPRSS2, ambacho kipo kwa wingi katika seli za mapafu, na Omicron haikuweza kukitumia vizuri. Ikapendelea kukaa juu, kooni na kwenye njia za hewa. Hilo linaeleza kwa pamoja kwa nini ilienea upesi na kwa nini nimonia ilikuwa adimu zaidi. Nchini Uingereza, kwa wagonjwa wapatao milioni 1.5, hatari ya kulazwa kwa Omicron ilikadiriwa kuwa asilimia 41 ya ile ya Delta, na ya kufa asilimia 31.

Humo ndani ya takwimu za Uingereza mna tarakimu ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Kwa watoto wa chini ya miaka 10 hatari ya kufikishwa hospitalini haikupungua kabisa. Madaktari wa Tshwane nao walikuwa wameona watoto wadogo wengi kuliko walivyozoea. Mtoto wa miaka miwili ana njia ya hewa nyembamba, na kirusi kinachopenda njia za juu kinaweza kuivimbisha hadi mtoto akawa anakohoa kwa sauti ya kubweka na kuvuta pumzi kwa shida. Karibu wote walipona. Hata hivyo, neno "kipole" lilimhusu mtu mzima mwenye mapafu mapana na kinga ya awali kuliko lilivyomhusu mtoto.

Sasa turudi Hong Kong, si kwenye maabara bali mitaani, kwa sababu huko ndiko usomaji mbaya wa tarakimu za Tshwane ulikopimwa. Kwa karibu miaka miwili Hong Kong, yenye watu wapatao milioni 7.4, ilikuwa imeizuia korona mipakani, na kufikia mwisho wa mwaka 2021 ilikuwa imepoteza watu 213 tu. Ulikuwa ufanisi mkubwa, lakini uliwaacha watu bila kinga ya kuugua, na wazee walikuwa wamesita kuchanjwa. Mzee asiyetoka nje aliona hatari ya sindano kuwa karibu kuliko hatari ya ugonjwa ambao mtaani kwake haupo, na mwenye presha au kisukari alishauriwa amwone daktari kwanza, akaahirisha. Mwanzoni mwa mwaka 2022, kwa watu wa miaka 80 na zaidi, waliochanjwa walikuwa takribani robo tu. Vijana walikuwa wamechanjwa kwa wingi. Chanjo ilikuwa imewafikia vizuri zaidi wale walioihitaji kidogo zaidi.

Omicron iliingia katika umbo la BA.2, tawi lake jingine; lile la Tshwane lilikuwa BA.1. Februari 2022 wazee walilazwa kwenye vitanda vya magurudumu nje ya Kituo cha Tiba cha Caritas huko Sham Shui Po, kwenye baridi, wamefunikwa mablanketi na karatasi za kuhifadhi joto, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Mwezi wa Machi watu karibu 300 walikuwa wakifa kwa siku katika siku mbaya zaidi, na kwa wiki kadhaa hakukuwa na mahali duniani penye vifo vingi zaidi kwa idadi ya watu. Kati ya tarehe 6 Januari na 21 Machi walikufa watu 5,906. Asilimia 96 walikuwa na miaka 60 au zaidi, na miongoni mwa hao asilimia 70 hawakuwa wamechanjwa hata mara moja. Wimbi lilipotulia mwezi Mei, vifo vilikuwa vimepita 9,000.

Msomaji makini atasema kuwa BA.2 si BA.1, na kwamba labda Hong Kong ilipata kirusi kikali zaidi. Pingamizi hilo lina haki ya kujibiwa, na Afrika Kusini yenyewe ndiyo inayolijibu. Huko BA.2 iliichukua nafasi ya BA.1 mapema mwaka 2022, ikaenea, na wagonjwa wake hawakuugua zaidi ya waliotangulia. Kirusi kilekile kilichopita Pretoria bila kujaza vyumba vya wagonjwa mahututi ndicho kilichojaza vyumba vya kuhifadhia maiti Hong Kong. Tofauti haikuwa katika miiba ya kirusi. Ilikuwa katika damu za wazee: Gauteng watu wanne kati ya watano wenye zaidi ya miaka 50 walikuwa na kingamwili, nyingi zikiwa zimepatikana kwa gharama ya mawimbi matatu ya misiba, Hong Kong wazee wengi hawakuwa nazo kwa njia yoyote. New Zealand, iliyokuwa nayo imejifungia kwa miaka miwili lakini ikawachanja wazee wake karibu wote kabla ya kufungua, ilipitia wimbi hilohilo la Omicron bila maafa ya kiwango hicho.

Lipo pia suala la wingi, ambalo nitaligusa tu. Hatari ya mtu mmoja ikishuka hadi theluthi, na walioambukizwa wakaongezeka mara nne, vifo vitaongezeka. Marekani iliona hilo mwanzoni mwa mwaka 2022: vifo vya kila siku katika wimbi la kirusi kilichoitwa kipole vilikizidi kilele cha wimbi la Delta la miezi michache nyuma.

Nikirudi kwa wale wagonjwa 42, kuna mstari katika taarifa ya Abdullah ambao naona ulistahili kusomwa kabla ya ule wa siku 2.8. Kati ya watu wazima 38 waliokuwamo wodini siku hiyo, 24 hawakuwa wamechanjwa, sita walikuwa wamechanjwa, na wanane hali yao ya chanjo haikujulikana. Ni wachache mno kufanyia hesabu ya uhakika, na mkoa wenyewe ulikuwa na wasiochanjwa wengi, kwa hiyo sidai kuwa mstari huo unathibitisha chochote. Lakini ndio mstari uliokuwa ukieleza habari za watu badala ya kirusi, na mtu wa Hong Kong aliyeusoma Desemba angekuwa na majuma kadhaa mbele yake ya kwenda kugonga milango ya nyumba za kutunzia wazee.

Aprili 2022 Afrika Kusini iliingia wimbi la tano, la BA.4 na BA.5, zilizokuwa hodari zaidi ya BA.1 katika kuzikwepa kingamwili. Watafiti wa Western Cape walirudia ulinganisho wao na hawakuona tofauti ya maana ya ukali kati ya wimbi hilo na lile la BA.1. Gauteng, kipimo kipya cha damu kilionyesha kingamwili kwa takribani asilimia 91 ya watu. Kufikia hapo swali la ukali wa asili wa kirusi, lile ambalo kila mtu alidhani limejibiwa Desemba, lilikuwa limekosa wa kulijibia: ili kupima kirusi peke yake unahitaji mtu mzima ambaye mwili wake haujawahi kukutana nacho wala na chanjo yake, na mtu wa namna hiyo mjini Pretoria alikuwa amekuwa nadra kumpata.